Niliyojifunza kwa Kuifungua DT 125

Ukishanunua pikipiki kuukuu, kila mtu anageuka mshauri. Mmoja atakwambia uipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwingine atakwambia utoe hiyo injini uweke ya Kichina ya mapigo manne, bei nafuu, spea zipo hadi vijijini. Mimi sitakupotezea muda kwa hilo. Kama umefika hatua ya kusoma makala kama hii, injini umeshaishusha au uko karibu kuishusha, na unataka iwake ileile iliyotoka nayo kiwandani. Basi tuzungumze ya ndani.

Yangu ni Yamaha DT 125 ya zamani, ile inayopozwa kwa upepo. Ni injini ya mapigo mawili, silinda moja, cc 123: kipenyo cha silinda milimita 56, mwendo wa pistoni milimita 50. Ukoo wake ulianza na DT-1 ya cc 250 mwaka 1968, pikipiki ya njia za vumbi iliyofungwa taa ili iruhusiwe na barabarani. Kwetu nyanda za juu, hizi na Honda XL ndizo zilizowapandisha milima mabwana shamba, maofisa afya na mapadre wa parokia za mbali. Mimi nilikuwa bwana mifugo, Iringa. Nilipanda DT ya serikali miaka mingi, nikaamini naijua. Nilichokijua ni kiti, kiki na tangi.

Nilipostaafu nikanunua moja kwa mtu aliyeipata mnadani. Ukikanyaga kiki, mguu ulishuka bila kupingwa na chochote. Nikasema hii ni kazi ya wiki. Mama watoto hakusema neno, akahamisha tu meza ya chakula mbali na mlango wa stoo.

1. Piga picha, lakini usizitegemee

Vijana wa siku hizi mna simu, na simu ni msaada mkubwa. Piga picha kila waya kabla hujauchomoa. Tatizo ni kwamba picha inakuonyesha bolti ilikuwa wapi, haikuonyeshi urefu wake. Mfuniko wa klachi una skrubu ndefu na fupi zilizochanganyika, na vichwa vyake vyote ni sawa. Fupi ukiipeleka kwenye tundu refu, inashika nyuzi mbili tatu tu za alumini na kuzing'oa. Ndefu kwenye tundu fupi inagota chini kabla mfuniko haujabana, na ukilazimisha, unapasua.

Dawa yake ni katoni. Chora umbo la mfuniko kwa kalamu, toboa matundu mahali pake, chomeka kila skrubu pale ilipotoka. Nilijifunza kwa kijana wa jirani anayetengeneza bodaboda, na nilikuwa nimemcheka alipoanza kuchora.

2. Nyota zote hazifanani

Skrubu za injini za Kijapani za enzi hizo zina kichwa cha nyota, nawe una bisibisi ya nyota, kwa hiyo unaona mambo yamekaa sawa. Hayajakaa. Wajapani walikuwa na kipimo chao cha nyota, na skrubu nyingi za kipimo hicho zina kitone kidogo kwenye kichwa. Bisibisi ya kawaida haifiki chini kabisa ya nyota hiyo. Ukikaza mkono inapanda, inateleza, inakula kingo, na baada ya muda mfupi nyota imekuwa duara.

Tafuta bisibisi ya kipimo hicho, au chonga ncha ya ile uliyonayo kwa msasa wa mashine hadi ikae. Kisha tafuta bisibisi ya kugonga, ile unayoipiga nyundo kwa nyuma nayo inajizungusha. Hata kabla ya hapo, gonga kila kichwa cha skrubu mara moja kwa nyundo ndogo. Kutu ya miaka thelathini inaachia kwa mtikisiko kuliko kwa nguvu za mkono. Wakati wa kurudisha, weka bolti zenye tundu la pembe sita. Wapenzi wa pikipiki za kale watakulaumu kwamba umeharibu uhalisi wake. Waache walaumu.

3. Magneto haitolewi kwa nyundo

Hili ninawaomba vijana kwa heshima zote. Magneto imekaa kwenye ncha ya kranki iliyochongwa mshazari, na inashika kweli. Nimeona kwa macho yangu mtu akiipiga kwa nyundo huku mwenzake akiivuta kwa bisibisi mbili. Ilitoka. Ncha ya kranki nayo ilikuwa imefura kiasi kwamba nati haikuingia tena, na sumaku ndani zimepasuka.

Kuna pula yake maalumu, na haina bei ya kutisha. Kilichonishangaza ni kwamba nyuzi zake zimegeuzwa: unaifunga kwa kuizungusha kushoto. Tulibishana nayo nusu ya asubuhi, kijana wa jirani na mimi, tukakubaliana kwamba muuzaji ametuletea ya pikipiki nyingine. Mjukuu wangu akaishika, akaizungusha upande alioutaka yeye, ikaingia.

4. Pistoni iliyokufa inaeleza, ila uiulize hadi mwisho

Nilipoinua silinda niliikuta pistoni imechubuka vibaya upande mmoja, ule unaotazama ekzosi. Ringi ya juu ilikuwa imenaswa kwenye mfereji wake, na alumini imejipaka ukutani mwa silinda. Nikaitupa kwenye ndoo ya vyuma. Fundi mmoja mtu mzima, ambaye vijana wa gereji za Mlandege humwita Babu, akainama, akaiokota.

Usitupe pistoni. Ioshe, igeuze mkononi, iangalie pande zote. Ikiwa imelika upande wa kabureta, fikiria vumbi kwanza, maana huko ndiko hewa inakoingilia. Sponji ya chujio imechanika, au imewekwa kavu bila kupakwa oili. Ikiwa ina michubuko sehemu nne zinazokaribiana kulingana, nafasi kati yake na silinda ilikuwa ndogo, au mwendeshaji alikaza mafuta injini ikiwa bado baridi. Tundu katikati ya kichwa maana yake kule juu kuliwaka moto mkali kupita kiasi. Michubuko upande wa ekzosi ni joto, kwa sababu moshi wote wa moto unapitia hapo.

"Hii imekufa kwa joto, Bwana Mifugo," Babu akasema. Cheo changu kimenifuata hadi kustaafu. "Joto lilitoka wapi?"

"Uzee tu, Babu."

"Uzee hauchubui upande mmoja."

Alinirudishia pistoni, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaiweka rafuni. Swali nikaliacha palepale alipoliacha. Nilikuwa na haraka ya kwenda Kariakoo kununua nyingine.

5. Pistoni kwanza, kukereza baadaye

Silinda hii inakubali kupanuliwa. Kutoka milimita 56 za kiwandani kuna pistoni za 56.25, 56.50, 56.75 na 57.00. Kila ukipanda ngazi moja umekula akiba, kwa hiyo usipande mbili kwa uvivu. Watu wengi humpelekea fundi silinda wakamwambia "nichongee hamsini", halafu ndipo wanatafuta pistoni ya kuingiza. Nami nilikwenda hivyohivyo. Fundi wa kukereza alinitazama kwa huruma, akaniambia nirudi na pistoni.

Niliporudi alinionyesha sababu. Alikuwa na nyingine yenye muhuri uleule wa 0.50, akazipima zote mbili kwa maikromita mbele yangu. Hazikulingana. Tofauti huwezi kuiona kwa jicho, lakini nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda ya pikipiki yangu ni karibu milimita 0.04 tu. Sehemu mbili tatu za mia za milimita zikipotea hapo, umeshapata pistoni inayokamata ikipata moto, au inayogonga kabla haijazeeka. Silinda inakerezwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi, na namba ya kwenye boksi ni ya kukusaidia dukani tu. Boksi nililolinunua liliandikwa kwamba ni halisi pande zote sita. La jirani yake dukani pia.

Kuna jambo jingine alilonifundisha siku hiyo ambalo mpaka leo linanifurahisha. Pistoni si duara. Ina umbo la yai kidogo sana ukiitazama kutoka juu, na kichwa chake ni chembamba kuliko sketi yake ya chini, kwa sababu kichwa ndicho kinachopata moto mwingi na kutanuka zaidi. Ikishachemka ndipo inakuwa duara. Ndiyo maana inapimwa karibu na ukingo wa chini, kwa kukingamana na mwelekeo wa pini. Ukiipima pengine utapata namba nzuri ya bure. Nilifanya kazi na ng'ombe maisha yangu yote nikidhani chuma ndicho chenye tabia rahisi.

Silinda ikitoka kwenye mashine, mambo mawili yasiachwe. La kwanza, madirisha. Injini ya mapigo mawili haina vali juu. Hewa na moshi hupita kwenye madirisha yaliyokatwa ukutani mwa silinda, na mashine ikipita huacha kingo kali kama wembe. Kingo hizo zipunguzwe kwa tupa laini au msasa, la sivyo ringi itanasa na kuvunjika. La pili, kuosha. Petroli haitoi unga wa jiwe la kunolea. Maji ya moto na sabuni ya kufulia ndivyo vinavyoutoa. Sugua hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kausha, paka oili papo hapo kabla kutu haijaanza, maana inaanza ukiwa unatafuta kitambaa kingine.

6. Ziba shimo

Somo fupi. Pini ya pistoni inashikwa na klipu mbili za waya. Kabla ya kuzigusa, jaza kitambaa safi kwenye mdomo wa injini. Klipu ikiruka itakwenda humo, na humo haitoki bila kupasua kila kitu. Za zamani zisirudishwe hata kama zinaonekana nzima. Mshale wa kwenye kichwa cha pistoni utazame ekzosi. Kwenye mifereji ya ringi kuna vijipini vidogo, na mdomo wa ringi lazima ukae juu ya kijipini chake. Silinda ikikataa kushuka, usiisukume, angalia hapo kwanza.

7. Hewa inayoingia pasipo mlango

Iliwaka. Moshi ukajaa uani, kuku wakakimbia, majirani wakatoka. Niliizungusha taratibu kama inavyotakiwa, nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena. Kila nilipoachia mafuta, mlio ulibaki juu kwa muda kabla ya kushuka. Nikamwambia kijana wa jirani kwamba sikia, injini mpya hiyo, haitaki kulala.

Siku nyingine nikashika njia ya Tosamaganga. Nikiwa kwenye kipande cha mwinuko, nimekaza mafuta kidogo tu, sauti ikabadilika, nguvu zikaisha, tairi la nyuma likafunga. Nikabana klachi nikaponea hapo. Watoto wa shule walinisaidia kusukuma, wakiimba. Nilipoifungua, pistoni mpya ilikuwa imechubuka upande uleule, pale pale, kwa namna ileile. Niliiweka rafuni kando ya mwenzake, zikawa mapacha.

Babu alikuja. Hakunikumbusha alichosema. Aliuliza tu, "Joto lilitoka wapi?"

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo injini za mapigo mawili zinapowaacha watu waliozoea bodaboda. Katika injini ya mapigo manne, chini ya pistoni kuna oili tu inayorukaruka. Katika hii, tumbo la chini ni pampu. Pistoni ikipanda, inavuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi tumboni; ikishuka, inausukuma mchanganyiko huo kupitia madirisha hadi juu. Ili pampu hiyo ifanye kazi, tumbo lazima lisivuje hata kidogo, na kranki inatokeza nje pande zote mbili. Kinachozuia kila upande ni sili ya mpira.

Sili ya kulia, iliyo upande wa klachi, ikichoka, injini inanyonya oili ya gia. Utaona moshi mweupe usioisha, na oili ya gia inapungua bila kuona tone chini. Hiyo ni rahisi kuitambua. Ya kushoto, iliyo nyuma ya magneto, ikichoka, injini inanyonya hewa tupu ambayo kabureta haikuipima. Petroli ni ileile, hewa imezidi, moto unakuwa mkali, pistoni inatanuka kupita nafasi yake, kwanza upande wa ekzosi. Na dalili ya mapema ni ule mlio unaogoma kushuka ukiachia mafuta. Ule nilioufurahia.

Kupima ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unaziba mdomo wa kabureta na wa ekzosi kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyobanwa na bati, unachukua plagi ya zamani, unatoa utumbo wake wa kaure na kuunganisha mpira mahali pake, kisha unajaza hewa kidogo. Kipimo kinachotumika ni karibu paundi 6 kwa inchi ya mraba. Ukizidisha sana unaweza kuisukuma sili nzima itoke. Geji ya tairi haisomi vizuri chini kiasi hicho. Dada yangu ni muuguzi mstaafu, na Babu ndiye aliyenituma kwake kuazima mashine ya presha, ile ya kubana kwa mkono. Milimita 300 za zebaki, mwisho wa saa yake, ni karibu sawa kabisa na paundi hizo 6. Kwa hiyo injini yangu ilipimwa presha kama mgonjwa wa kliniki, mwenye mashine amesimama pembeni kuhakikisha hatuitii grisi.

Injini nzima inatakiwa kushikilia hewa hiyo, ishuke paundi moja tu au pungufu kwa dakika. Yangu ilishuka tukiitazama. Babu akapaka povu la sabuni huku na huku. Nyuma ya magneto likachemka.

Nilipoitoa sili ile, mdomo wake ulikuwa umekauka hadi ukavunjika kwa ukucha. Na nilikuwa nimeshakutana nayo. Wakati wa kwanza nilipotoa magneto ili kuangalia platini, niliiona pale, nikaifuta vumbi kwa kitambaa ili ipendeze. Nilikuwa nimenunua pistoni, ringi, pini, gasketi na plagi, nikalipa na kukereza, nikaacha kipande cha mpira ambacho bei yake ni ya chakula cha mchana.

Tangu hapo sifungi injini ya mapigo mawili bila kuipima hivyo, na sipokei jibu la "ni uzee", hasa likitoka kwangu.

8. Beringi kwenye friji

Kwa kuwa nilishachafuka, tukapasua injini yote ili kubadili beringi za kranki. Usichomeke bisibisi kati ya nusu mbili za kasha. Jeraha dogo utakaloliacha hapo litakuwa mlango mwingine wa hewa, na utaanza somo la saba upya.

Beringi mpya hazipigwi kwa nyundo kuingia. Weka beringi kwenye friji ya barafu usiku kucha, zimefungwa nailoni. Asubuhi pasha kasha juu ya bati nene lililowekwa kwenye jiko la mkaa, taratibu na kwa usawa, hadi tone la maji likidondokea linachemka na kutoweka. Usitumie moto wa gesi ukichoma sehemu moja, utapinda alumini. Kasha likiwa la moto na beringi ya baridi, inashuka yenyewe, unasikia tu "tok". Mimi, niliyezoea kuamini kwamba ufundi ni jasho, nilikaa na nyundo mkononi bila kazi. Mama watoto alikuwa na swali moja tu, kwa nini dagaa wake wananuka grisi.

Konrodi ikague hivi: ishike, ivute juu na chini. Kusiwe na mchezo wowote. Kushoto na kulia mchezo kidogo unaruhusiwa, kwa hiyo usije ukahukumu kwa huo. Ikibidi kubadilishwa, kranki ya aina hii imeshindiliwa vipande kwa mashine, na baada ya kushindiliwa upya inanyooshwa kwa saa ya kupimia. Sio kazi ya nyumbani. Niliifunga yangu kwa magunia nikaituma kwa basi kwa fundi wa Dar es Salaam.

9. Oili nyingi haileti usalama

Yamaha walianza kufunga pampu ya oili kwenye pikipiki zao mwaka 1964, ili mtu asihangaike kuchanganya mafuta kwenye tangi. Pampu hiyo huongozwa na mwendo wa injini na mkono wa mafuta. Ukiifungua mabomba yake, hewa huingia, na pampu yenye hewa inasukuma hewa. Kuna skrubu ndogo ya kuitolea. Ifungue, acha oili itiririke bila mapovu, ndipo uifunge. Kwa tangi la kwanza, hata pampu ikiwa nzima, changanya petroli na oili sehemu moja kwa 50. Ukishaona kiwango kwenye chombo cha oili kinapungua, umepata ushahidi kwamba pampu inafanya kazi, na unaweza kurudi kwenye petroli tupu.

Majirani watakwambia uongeze oili kwa kuwa injini ni mpya. Hapa kuna mtego uliowanasa wengi: kabureta hupitisha kiasi kilekile cha kimiminika, kwa hiyo ukiongeza oili umepunguza petroli. Mchanganyiko unakuwa mkavu zaidi, na moto unapanda badala ya kushuka. Juu ya hayo ekzosi inaziba kwa masizi. Na tumia oili ya mapigo mawili. Oili ya gari ina viungo vinavyoacha majivu yakiungua, na majivu hayo yanakaa kwenye plagi na juu ya pistoni.

10. Mlima una upande wa pili

Iringa mjini tuko juu zaidi ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kompyuta haijui hilo. Jeti inaendelea kumwaga petroli ya kipimo cha pwani. Fundi aliyekuwa amenirekebishia kabureta alifanya kazi yake Dar es Salaam, na kwa huko aliifanya vizuri. Huku plagi ilikuwa nyeusi na pikipiki ikikohoa kila nikikaza mafuta. Nikateremsha sindano ya kabureta ngazi moja, kisha nikaweka jeti kuu ndogo kidogo, plagi ikaanza kutoka kahawia. Nguvu zote za pwani hazirudi, hata ufanyeje. Kila mita 1,000 unazopanda zinachukua takriban sehemu moja ya kumi. Na jeti ikiziba, usiizibue kwa waya wa chuma. Unaitanua. Puliza, au tumia unyuzi wa mshipi wa samaki.

Upande wa pili wa mlima ndio hatari, na huo ndio nilioupanda kijinga miaka yote ya utumishi. Mteremko wa Kitonga ni mrefu, na niliuteremka nikiwa nimeachia mafuta kabisa ili niokoe petroli ya serikali, gia ikishikilia, injini ikilia kwa kasi. Mafuta yakiwa yamefungwa, pampu nayo inatoa oili kidogo sana, huku pistoni inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Siku hizi, nikiteremka, kila baada ya kona moja au mbili nabana klachi na kukaza mafuta mara moja ili oili ipite. Abiria wa mabasi wananitazama kama mtoto anayechezea mlio.

Tena ukishuka, hewa inakuwa nzito, na ile jeti ndogo ya Iringa sasa ni njaa kwa injini. Mkobani nabeba jeti zote mbili, plagi, bisibisi ile yenye ncha iliyochongwa, na sili moja ya kushoto. Nikifika Ruaha Mbuyuni nasimama kwa wauza vitunguu, nanunua kidumu, na wakati injini inapoa nafungua bakuli la kabureta na kurudisha jeti kubwa. Hupita mtu akauliza, "Mzee, imezima?" Namwambia shika hii tochi, nimulikie hapa chini.